Sauti ya Salamu Katika Nchi ya Milima



Somo letu leo ni Luka 1:39-56, pale Bikira Maria anapokwenda kumtembelea Elisabeti. Fungua Biblia yako kabla hujaendelea kusoma hapa. Najua unakifahamu kifungu hiki, na hiyo ndiyo shida yake: tumekisikia mno. Kila Jumatatu na Jumamosi kwenye Rozari ni tendo la pili la furaha. Siku ya Vijana Ulimwenguni kule Lisbon, Agosti 2023, ilichukua kaulimbiu yake kwenye mstari wa 39, na hayati Papa Fransisko alituandikia vijana ujumbe mzima juu ya ile haraka ya Maria. Lakini mstari huohuo una neno lingine tunalolipita mbio: Maria alikwenda nchi ya milima. Mimi neno hilo lilinikaa vizuri nikiwa nimeshika bomba la kosta kwa mikono miwili, tunapanda ukuta wa Bonde la Ufa baada ya Dareda, kila mmoja akisali kimyakimya sala aliyoijua.

Mwishoni mwa Mei sisi vijana wa Bagara, hapa Babati mjini, tulikwenda Kainam, wilaya ya Mbulu, kukaa siku nne na Wakristo wa kigango kimoja cha huko. Tarehe hatukuzichagua hivihivi. Mei 31 Kanisa linaadhimisha ziara hiyo ya Maria. Zamani sikukuu hii ilikuwa Julai 2. Marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 yakaihamishia mwisho wa Mei ili ikae baada ya Kupashwa Habari na kabla ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, yaani mahali pake hasa katika habari ya Luka.

Kabla ya safari tulikuwa na kikao, na kwenye kikao kijana mmoja aliuliza swali ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika somo hili. Alisema: hela ya kukodi kosta, mafuta na chakula cha njiani, si tungeitupia tu kwenye simu ya katekista wanunue wanachohitaji? Watu walicheka, wengine wakamwambia hana imani. Mimi niliona ni swali zuri kabisa. Nauli ile ilikuwa inatosha magunia kadhaa ya mahindi. Safari ilipita kwa kura, jibu halikutolewa. Basi nikalibeba swali lenyewe, nikaliweka ndani ya Biblia kwenye ukurasa wa Luka sura ya kwanza.

Kwanza tujue tunakwenda wapi

Ukitoka Babati unapita Dareda chini ya ukingo, pale penye hospitali ya jimbo ambayo wengi wetu tumezaliwa au kuuguziwa. Halafu barabara inaanza kupanda. Unapanda mpaka masikio yanaziba, unatokea Bashanet, hewa imeshabadilika, watu wamevaa makoti saa sita mchana. Kutoka hapo ni Dongobesh, kisha Mbulu mjini. Kainam iko mbele zaidi, juu ya milima iliyo ukingoni mwa Bonde la Ufa, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua za masika zilikuwa ndiyo zinaisha. Sehemu mbili tulishuka tukasukuma gari. Viatu vyeupe vya baadhi ya dada zetu viliishia hapo, wasamehewe.

Wenyeji wanaiita nchi ile Irqwa Da'aw, maana yake Iraqw ya mashariki, na wengine wanaijua kwa jina la Mama Isara. Ndiyo chimbuko la Wairaqw tunaozoea kuwaita Wambulu: karibu kila familia ya Kiiraqw unayoikuta leo Karatu, Hanang au hapa Babati, wazee wake watakuambia walitoka pale. Na kabla ya pale wanataja Ma'angwatay, mahali pa kale wanapopasimulia. Lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Hebu fikiria kidogo: Warangi na Wambugwe wanasema lugha za Kibantu, Wadatoga lugha ya Kiniloti, Wairaqw na Wagorowa lugha za Kikushi, na kule Eyasi Wahadzabe wana lugha yao yenye vidoko ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu wa hakika. Wote ni majirani zetu. Kuna watu wanapanda ndege kuja kuona jambo hili, na sisi tunaliona kila siku ya mnada bila kujua ni jambo.

Kwa nini watu waliamua kuishi juu kule, kwenye miteremko ambayo ukidondosha kiazi utakifuata bondeni? Wazee wanasema ni kwa kuwakimbia Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe. Nyumba za zamani zilichimbwa kwa sehemu ndani ya mlima na kuezekwa udongo, ng'ombe wanalala ndani pamoja na watu, hivyo mtu akiwa mbali haoni nyumba, anaona mlima tu. Lakini mtafiti mmoja wa Stockholm, Lowe Börjeson, alichapisha kitabu mwaka 2004 akiihoji habari hiyo ya kuzingirwa. Hoja yake ni kwamba kilimo kile cha matuta na samadi hakielezeki kwa hofu peke yake. Watu waliijenga ardhi yao kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mahali pale palikuwa pazuri kuishi. Nikiangalia yale mashamba, namwelewa. Watu waliokimbia tu hawachongi mlima namna ile. Wale wako nyumbani.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu huku mjini neno letu la kwanza juu ya huko ni “ndani ndani”. Tunasema “kule ndani ndani” kana kwamba sisi ndio tuko nje penye mwanga. Ukisimama Kainam upande wa mashariki asubuhi, ukungu ukiondoka, unaliona bonde zima chini yako, tambarare ya Mbugwe na maji ya Ziwa Manyara yaking'aa. Ni sisi tulio ndani, ndani ya shimo!

Maria alibeba nini?

Turudi kwenye Injili. Kutoka Nazareti hadi milima ya Yudea ni zaidi ya kilomita 100, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu au kwa punda. Luka hataji jina la mji. Mapokeo yanauweka Ain Karim, kijiji kilicho kilomita chache magharibi ya Yerusalemu ya kale, na hadi leo mahujaji wanapanda ngazi kwenda kanisa la ziara hiyo.

Sasa soma mstari wa 39 na 40 polepole. Aliondoka, akaenda haraka, akaingia nyumbani kwa Zakaria, akamsalimu Elisabeti. Umeona mzigo wowote? Luka hakutaja unga, hakutaja nguo za mtoto, hakutaja hata chakula cha njiani. Sisemi Maria alikwenda mikono mitupu. Mama zetu wasingekubali, na sidhani mama yake angekubali. Ninasema mwinjili ambaye mambo ya hori na nguo za kitoto anayataja vizuri sana sura inayofuata, hapa aliona kitu kimoja tu cha kuandika, nacho ni salamu. Na ameitaja mara tatu. Maria alimsalimu Elisabeti. Elisabeti aliposikia salamu ile, mtoto akaruka. Kisha Elisabeti mwenyewe anasema kwamba ni sauti ya salamu ilipoingia masikioni mwake ndipo mtoto aliruka kwa furaha.

Kuna wakati mzigo ndio wa kwanza, tusije tukafanya Injili kuwa kisingizio cha ubahili. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuangukia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Siku zile waliofika na blanketi, unga na majembe walifanya kilichotakiwa kufanywa, na mtu aliyepoteza nyumba usiku hahitaji mafungo yako. Lakini Kainam hapakuwa na maafa. Palikuwa na watu wanaishi maisha yao, na sisi tulikuwa tunakuja kwao na mifuko ya sukari, sabuni na nguo, na hotuba.

Nyumba ya bibi

Alhamisi jioni katekista alitugawa kwenye nyumba. Mimi na wenzangu wanne tulipelekwa kwa bibi mmoja mjane. Tulimkuta amekaa mlangoni, miguu inamsumbua. Tukamwamkia, “Shikamoo bibi.” Akaitikia, “Marahaba.” Akanyamaza. Tukanyamaza. Msemaji wetu akaanza hotuba: sisi ni vijana kutoka Bagara, tumekuja kuwatembelea, tumewaletea kidogo tulichojaliwa. Bibi anatikisa kichwa tu kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya kanisani yasiyomhusu.

Nyuma yetu alikuwa dada mmoja ameshika mfuko wa sukari. Tumeimba naye kwaya miaka mitatu, sauti ya pili. Akasema, “Saita.”

Bibi akageuza uso. Yule dada akaendelea, na sisi wote tukabaki midomo wazi, maana alikuwa anaongea Kiiraqw safi, salamu ile ndefu ya kuulizana habari ya nyumba, ya watoto, ya ng'ombe, ya usiku. Bibi akashika mwimo wa mlango, akasimama. Mtu aliyekuwa hasimami! Akamshika yule dada mikono yote miwili na kuanza kumuuliza: wewe ni wa nani, babu yako nani, ukoo gani, mlitoka lini. Walisimama pale muda mrefu. Sisi wengine tulisimama na mifuko yetu, hakuna aliyetuona.

Miaka mitatu hakuna aliyejua. Kila akiulizwa kwao wapi, alikuwa anajibu Arusha. Baadaye usiku alitueleza. Alipokuwa sekondari walimcheka kwa namna anavyotamka maneno, wakampa jina la utani, na tangu hapo akaamua Kiiraqw chake kikae nyumbani kwa bibi yake na bibi yake akifariki basi kife naye. Nimemwomba ruhusa niandike hili. Alisema niandike, ila jina nisiweke.

Elisabeti naye, kabla Maria hajafika, alikuwa amejificha miezi mitano (Lk 1:24). Luka hasemi kwa nini. Tunajua tu kwamba miaka yote majirani walikuwa wamemwita tasa, na yeye mwenyewe anasema Bwana amemwondolea aibu mbele ya watu. Aibu hiyo alikuwa ameibeba muda mrefu. Sauti ya kwanza tunayosikia ikiingia katika maficho yake ni salamu ya ndugu, kwa lugha ya nyumbani. Nadhani ndiyo maana Luka ameitaja mara tatu.

Wamisionari wa kweli walilijua hili. Mwaka 1890 Wasalvatoriani wa kwanza walifika Shillong, katika milima ya Wakhasi, kaskazini-mashariki mwa India, nchi ya milima, mvua na makabila ambayo hata Wahindi wenzao wengi waliiona kuwa mwisho wa dunia. (Ni shirika lilelile lenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan pale Morogoro.) Kiongozi wao, Padri Otto Hopfenmüller, Mjerumani, alianza mara moja kujifunza Kikhasi na kuandaa mafundisho kwa lugha hiyo. Alikufa Agosti ya mwaka huohuo, hajamaliza hata mwaka. Mtu mwenye miezi michache tu duniani aliitumia kujifunza salamu ya wenyeji. Sasa mimi na wewe tuliozaliwa Manyara, ni salamu ngapi tunazijua za majirani zetu?

Nani anambariki nani

Hapa ndipo somo linapogeuka, tusome mstari wa 42 hadi 45. Maria amembeba Yesu tumboni. Kama kuna mgeni aliyewahi kuingia nyumba ya watu akiwa na haki ya kuhubiri, ni yeye. Lakini anayefungua kinywa baada ya salamu ni mwenyeji. Elisabeti anajazwa Roho Mtakatifu, Elisabeti anapaza sauti, Elisabeti anambariki mgeni wake na kumwita mama wa Bwana wake. Maria anaimba wimbo wake mkuu baada ya kubarikiwa, si kabla.

Na sasa chukua Rozari yako. Salamu Maria ina sehemu tatu: ya kwanza ni maneno ya malaika kule Nazareti, ya mwisho ni ombi lililoongezwa na Kanisa. Ile ya katikati, ya baraka, inayoishia kwenye tunda la tumbo lake, ni maneno ya Elisabeti. Yalisemwa kwa mara ya kwanza milimani, ndani ya nyumba, na mwanamke mzee, mwenyeji. Dunia nzima inasali kwa maneno ya bibi wa nchi ya milima, mara 50 katika kila Rozari ya matendo matano, na wengi wetu hatujawahi kujiuliza aliyasema nani.

Mzee mwenye nyumba, Zakaria, ni kuhani, na siku zile alikuwa bubu. Kwa hiyo katika nyumba ya kuhani siku ile hakuna kuhani aliyehubiri. Simaanishi mapadri wetu ni akina Zakaria, jamani, msininukuu vibaya! Paroko ana vigango vingi na miguu miwili. Ninasema tu kwamba Roho Mtakatifu hakusubiri. Jumapili yetu kule haikuwa na Misa. Katekista aliongoza ibada, alisoma, akafundisha kwa Kiswahili na Kiiraqw, akatangaza michango na akapatanisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba, yote kabla ya saa saba mchana. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa lote. Barani Afrika tulikuwa tunaijua zamani. Prefektura ya Mbulu ilianzishwa mwaka 1943, ikawa jimbo mwaka 1953, na tunawakumbuka kwa haki Wamisionari wa Afrika na Wapalotini kutoka Ireland waliopanda milima ile. Lakini padri alikuwa anapita na kuondoka. Aliyebaki kijijini akifundisha sala kwa lugha ya mama ni katekista, na majina yao mengi hayapo kwenye vitabu.

Usiku wa Ijumaa tulimwambia bibi kwamba tungependa kusali pamoja naye na kumwombea. Dada yetu akatafsiri. Bibi akamwangalia, akajibu kwa maneno marefu, na dada akakaa kidogo kabla ya kutuambia. Bibi alisema kila jioni yeye husali Rozari kwa ajili ya vijana walioshuka mjini. Watoto wake wanne walishuka. Mmoja yuko Babati, wawili Arusha, na wa mwisho alikwenda Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti, na huu ni mwaka wa pili hana habari zake. Hajui tena amwombee kama mtu aliye hai au marehemu, hivyo anawaombea vijana wote walioko mjini, akiamini wa kwake atakuwemo. “Kwa hiyo ni ninyi,” alisema. “Kumbe ni ninyi ninaowaombea.”

Tulisali Rozari ile yeye akiongoza. Hakuna aliyeomba kubadilisha utaratibu.

Siku ya tatu

Mswahili anasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine wanauchukulia kama ukali. Mimi naona ni heshima: siku ya tatu umeacha kuwa wa kukaribishwa, umekuwa mtu wa nyumba. Luka anasema Maria alikaa kama miezi mitatu. Hesabu mwenyewe: malaika alimwambia Elisabeti yuko mwezi wa sita, ongeza mitatu. Mtu hakai miezi mitatu kwa mama mjamzito mzee akiwa anaimba Magnifikati tu. Kuna maji ya kuchota, kuna unga wa kusaga, kuna mzee bubu wa kuelewana naye kwa ishara na kibao cha kuandikia.

Jumamosi, siku yenyewe ya sikukuu, bibi alitupeleka shambani kung'oa maharage. Aliketi juu ya gunia pembeni na kutuelekeza kwa fimbo. Hatukuwa hodari. Ule mteremko unataka mguu mmoja uwe mfupi kuliko mwingine. Watoto wa jirani, wa darasa la tatu au la nne, walitupita mistari miwili na kurudi kutusaidia bila kutucheka, angalau si mbele yetu. Mchana tulikula ugali, maharage hayohayo na maziwa ya mgando, na nikakumbuka kwamba tangu Alhamisi hakuna aliyepiga picha. Tulikuwa tumekubaliana hivyo tangu kwenye kikao: hakuna picha za watoto wa watu na mifuko ya sukari. Wa kwanza kuomba picha alikuwa bibi. Alitaka apigwe na dada yetu, peke yao wawili, wamekaa mbele ya maharage.

Sasa lile swali la kikaoni. Nimelitafakari, na jibu langu kwa leo ni hili. Hela ingeweza kufika kwa simu, na sukari ingenunuliwa palepale Mbulu kwa bei nafuu zaidi. Kilichokuwa hakiwezi kutumwa ni salamu, na vyote vilivyofuata vilikuja nyuma ya salamu. Bibi asingempigia simu mtu asiyemjua wa Bagara kumwambia habari ya mtoto wake. Dada yetu asingesema neno la Kiiraqw kwenye kikao chetu hata tungekaa miaka mingine mitatu. Yule kijana aliyeuliza swali hajakubaliana nami moja kwa moja. Anasema basi mwakani twende wachache kwa Noah moja, tukae wiki, na hela inayobaki tuwaachie. Ana hoja, na mjadala unaendelea kwenye jumuiya yetu. Nanyi jadilini kwenye zenu: kwa Luka, ni nini hasa kilichomfanya mtoto aruke? Na je, nyumbani kwenu au mtaani kwenu kuna lugha iliyojificha miezi mitano, au miaka?

Jumapili asubuhi wakati wa kuaga bibi alituomba kitu kimoja. Alitupa jina la mwanawe na la ukoo, akatueleza alama ya kovu aliyo nayo, na akatuambia mwaka aliobatizwa. Tumeshawapa vijana wenzetu wa Mererani na wameanza kuuliza kwenye jumuiya za huko, na mama mmoja wa WAWATA mwenye mgahawa karibu na machimbo naye anawauliza wanaokuja kula. Hadi naandika somo hili hakuna aliyemtambua. Kuna mtu alidhani amemwona, kumbe alikuwa mwingine.

Dada yetu anampigia bibi simu kila Jumapili jioni kupitia kwa katekista. Wanaanza na zile salamu ndefu, nyumba, watoto, ng'ombe, usiku. Bibi hamuulizi moja kwa moja kama kuna habari. Anasubiri aambiwe.